Chambo laini cha plastiki katika Mtera na Hombolo: dalili, visababishi na marekebisho

Anayenunua pakiti yake ya kwanza ya chambo laini, yaani vile vidude vya plastiki vinavyonepa mkononi kama mnyoo, hukuta juu ya pakiti maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya samaki ambaye huenda asimwone maisha yake yote. Samaki huyo ni besi wa mdomo mkubwa, mwenyeji wa Marekani ya Kaskazini, na chambo hiki kilitengenezwa kwa ajili yake tangu mwaka 1949, pale Nick Creme wa mji wa Akron, Ohio, alipofanikiwa kumimina mnyoo wa plastiki uliobaki laini bila kukauka. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, besi anajulikana zaidi katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, alikopelekwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Maji ya Dodoma, kuanzia bwawa la Mtera hadi Hombolo, ni maji ya kambale na perege, na mvuvi wa mshipi wa huku anayetumia chambo laini kwa kawaida anamtafuta kambale.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ninayoyasikia. Besi huwinda kwa macho na kwa kuhisi mtikisiko wa maji, ilhali kambale ana macho madogo na hutegemea sharubu zake nane, pua yake na ngozi yake. Chambo ni kilekile, lakini kinachomfanya samaki akifuate si kilekile. Kwa hiyo, kila dalili iliyoelezwa hapa chini nimeanza kuitafutia sababu kwenye mfungo, mwendo na harufu, na suala la rangi nimeliacha liwe la mwisho, ingawa najua wengi hulianza hilo kwa sababu kubadili rangi ni rahisi kuliko kukubali kwamba ndoano imefungwa vibaya.

Kwanza, pipa la maji nyumbani

Kabla ya kulaumu bwawa, jaza maji kwenye pipa la lita 200, lile lile la kuhifadhia maji ya mgao, na udondoshe humo chambo kikiwa kimefungwa kama utakavyokitumia. Kiangalie kinavyozama. Chambo kilichofungwa vizuri hushuka kikiwa kimenyooka, au kikiyumba kidogo ubavu kwa ubavu, na mkia wake hutikisika wenyewe bila kuvutwa. Kikishuka kwa kuzunguka kama pia, au kikitangulia mkia, au kikianguka kama jiwe kiasi kwamba mkia haupati nafasi ya kutikisika, basi tatizo umeshalipata na hujatumia nauli ya kwenda Mtera. Jaribio hili halichukui dakika tano, na kwa maoni yangu ni bora kuliko pakiti nyingine tatu za rangi tofauti.

Dalili: nailoni inajisokota na chambo kinazunguka kikivutwa

Kisababishi karibu kila mara ni kwamba mwili wa chambo haujalala sawa juu ya ndoano. Katika mfungo wa Texas, ambao ndio unaotufaa zaidi kwenye visiki, risasi yenye umbo la koni (wavuvi wa pwani huiita chubwi) hutangulia kwenye nailoni, kisha hufuata ndoano iliyopindwa shingoni. Ncha ya ndoano huchomwa katikati ya kichwa cha chambo, huingia kiasi cha nusu sentimita, hutolewa ubavuni, ndoano huzungushwa, kichwa husogezwa hadi kwenye tundu la ndoano, kisha ncha hurudishwa ndani ya mwili. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoharibiwa na haraka. Mvuvi hukisia mahali pa kuchoma, hukisia mbele au nyuma kidogo, na mwili wa chambo hubaki umejikunja au umevutika.

Dawa yake ni kupima kwa jicho kabla ya kuchoma. Acha ndoano ining'inie kando ya chambo, tazama mkunjo wa ndoano unafika wapi, weka alama kwa ukucha, na uchome hapo hapo, katikati ya mgongo, wala si pembeni. Ukishamaliza, shika nailoni na uache chambo kining'inie mbele ya macho yako: kikiwa na kibiongo, toa na urudie. Tundu la zamani halitakudhuru sana, ila ukirudia mara nne mahali pamoja plastiki italegea.

Nailoni ambayo imeshajisokota haiponi kwa kubadili chambo. Ukiwa kwenye mtumbwi, toa ndoano na risasi, achia mita hamsini au zaidi ya nailoni tupu ifuate nyuma ya mtumbwi kwa dakika kadhaa, nayo itajisokotoa. Ukiwa nchi kavu, fanya hivyo hivyo kwa kuiburuta juu ya nyasi. Kizungushio kidogo cha chuma kikiwekwa sentimita arobaini juu ya ndoano hupunguza tatizo, lakini kisiwe kisingizio cha kuvumilia chambo kilichopinda.

Dalili: saa zinapita na hakuna kinachogusa

Hii ndiyo dalili pana kuliko zote, na visababishi vyake huingiliana, kwa hiyo ni vema kuvipitia kwa mpangilio badala ya kurukia kimoja.

Anza kwa kuuliza ni samaki gani aliye mbele yako. Perege hula zaidi mwani, mabaki ya mimea na vijidudu vidogo vya majini, na mnyoo wa plastiki wa sentimita kumi na tano hauna maana kwake, hata kama mamia ya perege yanaonekana wakicheza kwenye maji ya kina kifupi. Mtu anayeona viwimbi vya perege na kurusha chambo laini katikati yao mchana kutwa anafanya kazi ya bure, isipokuwa awe na bahati kwamba kambale anavizia pembeni. Perege mtafute kwa nyungunyungu mdogo au ugali kwenye ndoano ndogo.

Kisha kuna viwimbi vinavyodanganya. Kambale ana kiungo cha ziada cha kupumulia, kilichoumbwa kama matawi juu ya matamvua yake, na hupanda juu kunywa hewa kisha hurudi chini. Mduara mmoja wa maji, kibofu kimoja au viwili vya hewa, kisha kimya: huyo amepumua, hajala. Anayerusha chambo moja kwa moja juu ya mduara ule humrushia samaki ambaye tayari ameelekea chini, na mara nyingi risasi humtisha. Rusha mbele, mita tatu au nne kutoka pale alipojitokeza, acha chambo kifike kwenye tope, na usubiri.

Hapo tunafika kwenye mwendo, ambao kwa uzoefu wangu ndio kisababishi namba moja. Picha za uvuvi wa besi huonyesha mtu akikusanya nailoni kwa haraka, akitikisa fimbo, akirusha tena, na kwa besi wa maji maangavu ya kiangazi cha Marekani hilo lina mantiki, kwa sababu samaki anakiona chambo kutoka mbali na hukifukuza. Kambale wa Hombolo hakioni. Hombolo ni bwawa lililojengwa mwaka 1957, limepokea udongo wa mito ya msimu kwa miongo mingi, na baada ya mvua maji yake hufanana na chai ya maziwa. Katika maji hayo chambo kinachopita kwa kasi ni kitu kilichokuwepo kikatoweka. Kiache kifike chini, hesabu hadi kumi na tano, kiburute kiasi cha urefu wa kiganja, tulia tena. Ukidhani unakwenda taratibu, punguza tena kwa nusu.

Harufu nayo haina mjadala. Vyambo vingi vya kiwandani hutiwa chumvi na mafuta yenye harufu, lakini harufu hiyo hufifia baada ya kurusha mara kadhaa, na iliyobaki huwa ni ya plastiki. Siku moja pale mwaloni Mtera niliketi kando ya mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu, ambaye alinitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Shikamoo, babu," nikamwambia, maana nilishaona anataka kuuliza.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nilete hicho kidude."

Nikampa. Akakibonyeza, akakivuta mkia, kisha akakipeleka puani na kukirudisha haraka.

"Hiki kinanuka duka," akasema. Akachukua utumbo wa perege aliyekuwa amepasuliwa pembeni, akakipaka mwili mzima mpaka kwenye mikunjo ya mkia, akanirudishia na kuendelea na wavu wake.

Tangu siku hiyo hubeba chupa ndogo yenye utumbo wa samaki uliosagwa, au ini la kuku, na hupaka chambo upya kila baada ya marusho matano au sita. Vyambo vyenye mwili wa mikunjo au mifereji hushika harufu kwa muda mrefu kuliko vile laini kabisa, na hiyo ni sababu tosha ya kuvichagua dukani. Angalizo ni la mikono: mtu aliyetoka kujaza mafuta ya bodaboda, au aliyejipaka dawa ya mbu, huhamishia harufu hiyo kwenye chambo, na baadhi ya dawa za mbu zina kemikali inayolegeza plastiki na kuiharibu.

Umbo la chambo lifuate chakula cha mahali. Naivasha kuna kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani, walioingizwa ziwani mwaka 1970, na besi wa kule huwala sana, kwa hiyo chambo chenye makoleo mawili kina maana huko. Katika matumbo ya kambale niliowapasua Mtera na Hombolo nimekuta samaki wadogo, vyura, wadudu na konokono, sijapata kukuta kamba wa aina hiyo. Kwa maji yetu huchukua chambo chenye umbo la samaki mdogo mwenye mkia mpana, ambao hutikisa maji hata kwa mwendo mdogo, au mnyoo mnene wa sentimita kumi na mbili hadi kumi na tano.

Kuhusu kina, Mtera hudanganya hata wenyeji. Bwawa hili, lililojengwa kati ya miaka ya 1975 na 1980 kwenye mpaka wa Dodoma na Iringa, huenea zaidi ya kilomita za mraba 600 likijaa, na uendeshaji wake huruhusu maji yapande hadi mita 698.5 kutoka usawa wa bahari na kushuka hadi mita 690. Katika ardhi tambarare kama ile, kushuka kwa mita moja husogeza ukingo mbali sana, na mahali ulipopata kambale wawili mwezi Mei panaweza kuwa malisho ya ng'ombe ifikapo Novemba. Ukirudi na kusimama pale pale ulipozoea kwenye ukingo, huenda unarushia kwenye maji ya kifundo cha mguu. Tafuta ulipo mkondo wa zamani wa mto, au ukingo wa magugu wenye kina cha mita moja hadi mbili, na uanze hapo jua linapoanza kuzama, kwa kuwa kambale huwinda zaidi gizani. Mwezi Juni na Julai, usiku wa Dodoma unapokuwa wa baridi na upepo wa mashariki ukivuma, kambale hupoa na kula kidogo. Punguza ukubwa wa chambo, ongeza muda wa kusubiri, na usitarajie ya mwezi Machi.

Rangi, basi, tuimalize. Kwenye maji ya tope na usiku, chagua giza: nyeusi, zambarau nzito, kahawia ya kahawa. Chambo cheusi hutoa kivuli kinachosomeka kuliko cheupe kinapotazamwa kutoka chini kuelekea mwanga hafifu wa juu. Maji yakitulia na kusafika kiasi cha kuona mkono wako kwenye kina cha kiwiko, kijani ya mwani na kahawia nyepesi zinatosha. Sina zaidi la kusema juu ya rangi.

Dalili: kinadonolewa, lakini hakuna anayenasa

Chomoa chambo na ukitazame kabla ya kurusha tena, kwa sababu chenyewe hueleza kilichotokea. Mkia ukiwa umekatwa kwa mkato safi na kichwa kikiwa kizima, mdonoaji ni samaki mdogo, au ni kambale aliyeuma nyuma mbali na ndoano. Fupisha chambo kutoka upande wa kichwa kwa sentimita mbili au tatu ili ncha ya ndoano isogee karibu na mkia, wala usikate mkia wenyewe kwa kuwa ndio unaotikisika. Mwili ukiwa umekwaruzwa kama uliopitishwa kwenye msasa, basi kambale alikuwa nao wote mdomoni, kwani taya zake zina utepe wa vijino vingi vidogo, na kosa liko kwenye ndoano au kwenye mkono wako.

Kuhusu ndoano, tazama nafasi kati ya ncha na shina. Chambo kinene kwenye ndoano nyembamba hujaza nafasi yote, na samaki akifunga mdomo plastiki haina pa kukimbilia ili ncha itokeze. Kwa mnyoo mnene wa sentimita kumi na tano hutumia ndoano namba 3/0 au 4/0 yenye tumbo pana, na kwa wa sentimita kumi namba 1/0 au 2/0 hutosha. Ncha ukiizamisha ndani kabisa ya plastiki, utahitaji nguvu mbili, ya kutoboa chambo na ya kutoboa samaki. Itoe hadi upande wa pili, kisha ichomeke tena kwa kugusa ngozi ya juu tu, kiasi kwamba ukipitisha kidole unahisi ncha iko pale lakini haikuchomi.

Mdomo wa kambale si mdomo wa besi. Kichwa chake ni mfupa mtupu juu, na ngozi ya midomo yake ni ngumu kama ya kiatu, kwa hiyo ndoano butu huteleza. Iweke ncha juu ya ukucha wa dole gumba na uivute polepole: ikiteleza bila kukwaruza, inole kwa tupa ndogo au itupe. Ndoano iliyogusa visiki mara tatu huwa butu hata kama ilikuwa mpya asubuhi, na hapa Mtera kugusa visiki mara tatu ni jambo la nusu saa.

Baki sasa na mkono. Wengi huinua fimbo kwa ghafla pale pale wanapohisi mdonoo wa kwanza. Kambale mara nyingi hukigusa chambo kwa sharubu, hukisukuma, hukiweka mdomoni na kuanza kuondoka nacho, na wakati sahihi ni pale nailoni inapoanza kwenda upande mmoja bila kurudi. Teremsha ncha ya fimbo, kusanya nailoni iliyolegea hadi usikie uzito, kisha inua fimbo juu kwa nguvu moja iliyonyooka. Kwa besi wengi hushauri usisubiri sana kwa sababu akihisi kitu kigeni hukitema, na kwa kambale pia kungoja kuna mpaka wake, kwani akikimeza ndoano itakuwa tumboni na kuitoa ni mateso kwake na kwako. Nailoni ya kawaida huvutika sana ikiwa imetoka mita arobaini. Uzi uliosukwa hauvutiki, na mtu anayerusha mbali akiubadilisha huo pekee ataona tofauti.

Dalili: kila rusho linakwama

Mtera ilifunika miti ilipojaa, na mingi ingali imesimama majini ikiwa mikavu, mizuri kwa ndege na kwa wapiga picha. Kambale hujificha kwenye mizizi yake, kwa hiyo kukwama hakuepukiki kabisa, bali hupunguzwa. Kwanza angalia uzito wa risasi. Wengi hutumia gramu 14 kwa sababu hurushika mbali, lakini risasi nzito hudumbukia kwenye panda za matawi na kujikaza. Shuka hadi gramu 7, na penye miti mingi gramu 5 au hata 3.5 hadi utakapoona upepo umekushinda. Pili, zuia risasi isiteleze juu ya nailoni kwa kuchomeka kipande cha kijiti cha meno kwenye tundu lake na kukikata usawa. Risasi ikiachwa huru, yenyewe hupita upande mmoja wa tawi na chambo upande wa pili. Mahali pasipo na miti, kinyume chake ni bora, kwa maana risasi huru humwachia samaki aondoke na chambo bila kuhisi uzito. Ndoano yenye kichwa cha risasi na ncha wazi iache nyumbani, au itumie kwenye mchanga tu.

Kikikwama, usivute kwa hasira, kwa kuwa kila mvuto huizamisha ncha zaidi. Legeza nailoni kabisa, tikisa ncha ya fimbo mara kadhaa, kisha sogea ukingoni hadi uwe upande wa pili wa kizuizi na uvute kwa mwelekeo ulio kinyume na ule wa mwanzo. Ikishindikana, izungushe nailoni kwenye kipande cha mti na ukate kwa kuvuta mti. Uzi uliosukwa ukivutwa kwa kiganja hukata nyama. Na lisiwepo wazo la kuingia majini kufuata chambo. Mtera kuna mamba na viboko, na pakiti nzima haina thamani ya hatua moja ndani ya maji yale.

Dalili: chambo kinateleza kwenye ndoano au kinachanika haraka

Chambo laini zaidi hutikisika vizuri zaidi na huchanika upesi zaidi. Huwezi kupata vyote. Tone moja la gundi ya supa glu kati ya kichwa cha chambo na shina la ndoano hukizuia kisishuke, na mpasuko mdogo huungika kwa gundi hiyo hiyo. Wapo wanaounganisha vipande kwa kuvigusisha kisu cha moto. Inafanya kazi, lakini plastiki hii ina asili ya vinili, na ikiungua hutoa moshi wenye madhara kwa mapafu, kwa hiyo ifanyike nje penye upepo, kwa moto mdogo, na kwa chombo ambacho hakitarudi jikoni.

Dalili: vimeyeyuka, vimeshikana au vimepinda kwenye sanduku

Hii ni dalili ya Dodoma hasa. Plastiki hubaki laini kwa sababu ya kimiminika cha kulainisha kilichochanganywa nayo, na kimiminika hicho huhama polepole kwenda kwenye plastiki nyingine zinazogusana nayo, haraka zaidi kukiwa na joto. Niliwahi kuacha vyambo kwenye kontena la chakula la plastiki ngumu, ndani ya gari lililoegeshwa juani, na jioni nikakuta chini ya kontena pamelainika na vyambo vimegandia humo kama peremende zilizonyonywa. Vitunze kwenye pakiti yake mwenyewe, kila rangi peke yake, kwa kuwa nyekundu ikikaa na nyeupe mwezi mmoja utakuwa na waridi mbili. Vile vinavyovutika kama raba na kuelea juu ya maji hutengenezwa kwa plastiki ya aina nyingine, na vikichanganywa na vya kawaida vyote huharibika na kuwa uji.

Vilivyopinda tu havijafa. Vitumbukize kwa sekunde kadhaa kwenye maji yaliyokaribia kuchemka, vilaze vimenyooka juu ya sahani, vimwagie maji baridi na uviache vipoe.

Dalili: umenasa, lakini hujui pa kushika

Kambale ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la kifua, na akikasirika huifungua na kuikaza pande zote mbili. Usimkumbatie. Mlaze juu ya nyasi zilizolowa, mshike kwa nyuma ya miiba hiyo au tumia kitambaa kibichi, na utoe ndoano kwa koleo refu, si kwa vidole. Chambo kilichochanika usikitupe majini, kwani samaki hukimeza na hakimeng'enyeki tumboni, kirudishe mfukoni. Na kabla ya safari, pita kwa ofisa uvuvi wa halmashauri husika uulize kuhusu kibali na maeneo ya mazalia yaliyofungwa, maana Mtera ina ukingo wa upande wa Dodoma na ukingo wa upande wa Iringa, na jibu la upande mmoja si lazima liwe la upande wa pili.